Gobori la Mzee Kapela

Hapo zamani, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, huko Unyanyembe aliishi Mzee Kapela, mkusanyaji wa magobori ya Kimarekani. Si ya kuwindia, hapana! Yalikuwa ya askari, ya kupigwa kwa fataki, yaliyochoka vita kwao yakaja kupumzika ukutani kwake. Akiletewa jingine alinusa mtutu, akalamba chuma, akagonga kitako kwa kucha na kusikiliza. Watoto wake hakuwahi kuwakagua hivyo.

Siku moja akafunga safari ya pwani. Magobori akayabeba yote, asije akayakumbuka njiani, ila moja lenye chapa ya tai. Hilo alilipenda mno, akaogopa litanyeshewa.

"Wanangu," akasema, "atakayenitunzia mwenzangu huyu, shamba la bondeni ni lake."

Kalunde, binti yake kitindamimba, moyo ukamruka. Wakwe zake walikuwa wamemfukuza, amerudi na watoto wawili na jembe, na pa kulima hana. Lakini kaka zake, Msabila na Kashindye, nao walilitaka shamba. Baba hajapotea machoni, wameshalivamia gobori. Vuta nikuvute, likaachana vipande vitatu! Msabila akakimbia na mtutu, Kashindye na kitako, Kalunde na mtambo, ile sehemu yenye kinyundo cha kugonga fataki.

Miaka ikapita, mzee akarudi.

"Mwenzangu yuko wapi?"

Lo, aibu! Msabila, mhunzi, akachomoa mtutu kwenye mvuba wake. Alikuwa akipulizia moto. Kashindye akatoa kitako jikoni; mkewe alikuwa akisongea ugali. Kalunde akang'oa mtambo mlangoni, ndio uliokuwa komeo lake. Mlango ukaanguka.

Mzee akanusa, akalamba, akagonga.

"Mbona mtutu hauna kutu?"

"Moto wangu, baba," akasema Msabila. "Niliukausha kila siku."

"Na kitako hakina mchwa!"

"Mafuta ya jikoni kwangu hayo," akasema Kashindye. "Mchwa angeng'ata wapi?"

"Na mtambo laini hivi!"

Kalunde akadakia. "Niliufunga na kuufungua asubuhi na jioni, baba. Na bila mtambo, vya kaka zangu ni bomba na mwiko tu."

"Na chako ni komeo!" akafoka Msabila.

"Nyamazeni," akasema mzee. "Gobori langu lina dalili moja: likilia, humpiga mwenyewe teke."

Akaliunganisha, akashindilia baruti, akaweka fataki, akafyatua. Puu! Mzee akarushwa mpaka ndani ya kihenge cha mtama, ikabaki miguu tu nje.

"Ndilo lenyewe!" akacheka humo ndani.

"Shamba la nani, baba?" akauliza Kalunde, watoto wakimng'ang'ania nguo.

"Eti?"

Masikio yalikuwa yamezibika. Wakamlilia wote watatu, kila mmoja na lake.

"Eti? Sisikii kitu! Waulizeni wenye masikio, watakalosema nimelikubali."

Haya, msiinamishe vichwa, wenye masikio ni ninyi. Mvua imeanza, na Kalunde amesimama pale kashika jembe. Wote walilivunja gobori. Wote wamelitunza, tena bila kukusudia. Je, shamba la bondeni anastahili kupewa nani?