Miwaridi ya Wakfu

Wamepokezana wasimulizi, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemen aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Lubaba binti Hatim. Mama yake alimwachia bustani ndogo ya miwaridi, nayo ilikuwa wakfu: maji ya maua yake yaliwatia harufu njema maiti mafukara, na wageni waliofia njiani bila ya jamaa. Lubaba mwenyewe hakuwahi kujipaka hata tone.

Aliitunza miwaridi ile kama mtu anayejua kwamba ataulizwa. Aliimwagilia shinani, si majanini. Baridi ilipoingia na majani kupukutika, aliyapunguza matawi makongwe, akikata kwa mshazari juu kidogo ya chipukizi, kisha akayafunika mashina kwa samadi na nyasi kavu. Asiyejua angepita akasema hapa zimebaki kuni tu.

Mwaka mmoja, amiri wa mji alimaliza kujenga kasri lake. Akaamuru miwaridi yote ya mji ing'olewe ingali imelala, ipandwe kwake. Wenye bustani wakakutana baada ya sala ya alfajiri, wakakubaliana waseme kwamba imekufa kwa baridi. Abu Ghalib, muuza marashi, jirani yake Lubaba, akatumwa kumpa habari.

"Binti Hatim, neno moja tu. Sema imekufa."

"Haijafa."

"Najua haijafa! Hata mbuzi wangu anajua. Lakini mjumbe wa amiri hajui kitu."

"Mimi najua, Abu Ghalib."

"Ukweli wako huo utatuponza sote."

"Sitasema habari ya bustani ya mtu mwingine. Hii nitaisema ilivyo, kisha nitakataa kuitoa."

"Umkatalie amiri? Wewe, na mikono yako hiyo iliyojaa miiba?" Abu Ghalib akacheka kicheko kisicho na furaha, akaenda zake.

Mjumbe aliitwa Dhakwan. Alikuja na watu wenye majembe, akaanzia kwa Abu Ghalib.

"Imekufa yote, bwana wangu."

"Pole sana," akasema Dhakwan. "Basi tukusaidie kuiondoa. Kilichokufa hakimuumi mtu kikiondoka."

Ikang'olewa, mizizi yake mibichi ikidondosha udongo, na Abu Ghalib akatazama tu. Angepinga kwa neno gani? Yaliyompata yeye yakampata kila aliyesema kama yeye, nao wakawa wanafuata nyuma ya majembe kama watu wanaosindikiza jeneza, mpaka wakafika kwa Lubaba.

"Na yako imekufa, mama?"

"Iko hai. Kwaruza gome uone ubichi wake."

Dhakwan akashangaa. "Vyema. Basi itakwenda kwa amiri."

"Haitakwenda."

"Unasemaje?"

"Nasema haitakwenda. Si yangu hata nikupe, wala si ya amiri hata aichukue. Ni wakfu wa maiti wasio na mtu. Kadhi yupo, twende kwake. Kabla ya hukumu yake, jembe lako litaanza na miguu yangu." Akaingia katikati ya miwaridi, akaketi chini, miiba ikimshika nguo.

Dhakwan akawageukia watu. "Wakfu hutaka mashahidi. Nani anashuhudia? Ninyi mlioniambia kwamba mizizi hii mibichi imekufa?"

Watu wakainamisha vichwa. Wote walijua habari ya wakfu ule, na wote walijua kwamba hawaaminiki tena. Abu Ghalib akasogea mbele.

"Nimekudanganya, nawe umeniona. Nichapwe kwa hilo. Lakini nilikuwapo mama yake alipoiweka wakfu, na nitalisema mbele ya kadhi hata akinitemea mate."

Mwingine akasema, "Na mimi nilikuwapo." Dhakwan akakubali, wakaenda kwa kadhi.

Kadhi akamuuliza Abu Ghalib, "Nikuamini vipi, nawe asubuhi hii umesema uongo?"

"Asubuhi nilisema uongo nikiokoa mali yangu, ewe Kadhi. Sasa sina cha kuokoa ila mgongo wangu, nao nimekuletea."

Kadhi akaupokea ushahidi wao, akahukumu kwamba wakfu usiguswe, na amiri akaona aibu kuivunja hukumu ya kadhi aliyemweka mwenyewe. Abu Ghalib alichapwa, na miwaridi yake haikurudi. Haikusikika kwamba alijuta.

Tusiwacheke watu wale. Walimwogopa mwenye nguvu, na ni nani kati yetu hajawahi kumwogopa? Lakini walipoizika miwaridi yao kwa ndimi zao, walijinyima haki ya kuitetea. Lubaba alipoisema ilivyo, alipata pa kusimama, na wenzake wakapata pa kurejea. Mwenyezi Mungu amrehemu, amrehemu na Abu Ghalib. Nawe ukija kuulizwa juu ya amana iliyo mikononi mwako, na anayekuuliza ana majembe nyuma yake, sema iko hai, kisha ukae juu ya mizizi yake.