Siku Tatu Nyumbani kwa Bibi Umaima

Katika habari tulizopokea za waja wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, imo ya fundi mmoja wa mifereji aliyeitwa Dhakwani. Alikuwa mcha Mungu, mtu wa sala na saumu, na miamba aliijua kama mimi na wewe tunavyoijua sahani ya pilau. Palipokuwa na maji mlimani na shamba bondeni, aliitwa yeye.

Siku moja akafikiwa na mjumbe wa tajiri aitwaye Mundhiri, mwenye mashamba ya mitende katika nchi ya mbali. Tajiri huyo alikuwa na chemchemi katika ardhi yake ya mlimani, naye alitaka igeuzwe, maji yote yaingie shambani kwake. "Sasa hivi yanateremka upande wa pili na kupotea bure," akasema mjumbe. "Huko chini hakuna mtu." Dhakwani akamuaga mkewe na binti zake wanne, akabeba sururu, patasi na ile kamba yake ya kupimia yenye mafundo, akashika njia.

Safari ilikuwa ya siku tisa. Siku ya nane kiriba chake cha maji kikapasuka, na homa ikampanda juu ya kiu. Akajikokota hivyo hivyo mpaka akaona kitongoji cha nyumba saba za udongo. Kwenye mlango wa kwanza alikuwa amekaa ajuza mmoja, jina lake Bibi Umaima. Dhakwani akatoa salamu, kisha akaweza neno moja tu: maji. Bibi akampa kata ya kwanza, ya pili, na ya tatu, ndipo miguu ya fundi ikaisha nguvu akaanguka pale pale.

Wakamlaza kitandani kwa bibi mwenyewe, naye bibi akahamia kwa jirani na mkeka wake. Wakamfulia nguo, wakamkorogea uji wa shayiri, wakamkanda. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Desturi yao ilikuwa hiyo: mgeni hutunzwa siku tatu kamili, haulizwi jina wala shughuli yake, na asubuhi ya siku ya nne ndipo huulizwa. Walikuwa wakisema kwamba kumuuliza mtu kabla ya hapo ni kumtoza ushuru wa uji. Na wewe mwenzangu unayenisikiliza, mgeni akibisha hodi tu, hata viatu hajavua, umeshamuuliza anaondoka lini. Usiangalie pembeni, nakuambia wewe!

Siku ya pili homa ikashuka. Dhakwani akatoka nje kunyoosha miguu, akaona kijito chembamba kinapita kati ya nyumba, kinanywesha mbuzi, kinaingia kwenye vijaruba vya shayiri. Akakifuata kwa macho mpaka mlimani. Fundi hahitaji kuelezwa. Akaugonga mwamba hapa na pale, akachunguza udongo, akajua kwamba nyumba zile saba hazina tone jingine isipokuwa lile analokuja kulikata yeye. "La haula!" akasema, akakaa chini.

Siku ya tatu nafsi yake ikamjia kwa upole, kama inavyotujia sote. Ikamwambia, hujaulizwa kitu, ondoka leo. Waage vizuri, washukuru, na hutakuwa umesema uongo hata neno moja. Wanao wanakusubiri nyumbani. Na kweli, ndugu zangu, asingekuwa amesema uongo! Ndiyo maana mtihani ule ulikuwa mgumu. Akasali adhuhuri, akafunga mzigo wake, akafika mlangoni. Pale mlangoni akamkuta Bibi Umaima ameshakishona kile kiriba kilichopasuka, naye anakijaza maji.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Njia ya mbele ni kavu."

Dhakwani akakipokea. Akaona aibu iliyomfika mpaka mifupani. Akaurudisha mzigo ndani. "Mama," akasema, "nitaondoka kesho, inshallah, mkishaniuliza."

Asubuhi ya siku ya nne watu wa nyumba zote saba wakakusanyika. Bibi Umaima akasema, "Haya mwanangu, sasa tueleze. Unaitwa nani, na umetoka kwenu kwa shughuli gani?"

"Naitwa Dhakwani, mama. Mimi ni fundi wa mifereji. Nimeitwa na Mundhiri nije kuyakata maji haya mliyoninywesha. Niliambiwa huku hakuna watu. Wallahi, sikujua."

Akainamisha kichwa, akangoja kelele na laana. Hakuna aliyeshtuka.

"Tunajua," akasema Bibi Umaima. "Tunajua tangu siku ile ya kwanza. Marehemu mume wangu alikuwa mchimba visima, kamba ya mafundo naitambua. Na kwamba Mundhiri ameagiza fundi, tunasikia mwezi mzima sasa."

"Mlijua, na mkanipa maji?"

Bibi akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na swali ndani yake. "Uliomba maji, mwanangu. Na maji tulikuwa nayo."

Dhakwani akalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zake.

Kisha akapanda kwa Mundhiri. "Bwana, kazi hii siifanyi," akamwambia, na akamsimulia yote bila kuficha. Tajiri akacheka kwa hasira. "Mafundi wamejaa duniani! Nitamwita mwingine."

"Mwite," akasema Dhakwani, na sauti yake ilikuwa imetulia. "Lakini njia ya kuja kwako ni moja, na kiu ya njia ile ni kali. Atafika mlangoni kwa Bibi Umaima, atapewa maji, atakaa siku tatu, na siku ya nne ataulizwa. Kisha atakuja kusimama hapa nilipo mimi. Mwite na wa tatu, naye utamwona hapa hapa."

Maneno yale yakamkaa Mundhiri rohoni, na baada ya siku mbili akasema, "Nitashuka mwenyewe nikawaone hao watu."

Akashuka peke yake. Nani asiyemjua? Bibi Umaima alimjua tangu alipotokea kule mbali juu ya farasi wake. Akamtandikia mkeka, akamletea maji ya kunywa na ya kunawa, akampa uji. Na hakuna aliyemuuliza kitu. Siku ya kwanza tajiri alikaa ameinua shingo. Siku ya pili alikula bila kumtazama mtu usoni. Siku ya tatu aliurudisha uji bila kuuonja.

Siku ya nne, asubuhi, bibi akaketi mbele yake. "Haya mwanangu, sasa tueleze. Umetujia kwa shughuli gani?"

Yule mwenye mlima, mwenye chemchemi, mwenye mitende isiyohesabika, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nimekuja kuomba maji."

"Maji tunayo," akasema Bibi Umaima. "Mwite fundi wako aje atugawie."

Dhakwani akaja na kamba yake ya mafundo, akachonga mfereji wenye midomo miwili, mmoja wa mitende na mmoja wa nyumba saba. Hakuna aliyelalamika, naye akarudi kwa binti zake salama.

Ndugu zangu, watu wale hawakuwa na jeshi wala hakimu. Walikuwa na kata ya maji na adabu ya kunyamaza, na kwa hivyo viwili Mwenyezi Mungu akawahifadhia chemchemi yao. Basi tumuombe Mola wetu, tukiwa safarini kutafuta riziki atukutanishe na mlango kama ule, na tukiwa majumbani mwetu atujaalie sisi ndio tuwe mlango ule. Na wewe niliyekusema pale mwanzo, ukirudi kwako leo ukamkuta mgeni, mpe maji kwanza. Na tafadhali, usimuulize anaondoka lini.