Dari Tupu ya Fundi Madeje

Sogeeni. Nina kesi imenishinda, mnisaidie kuikata.

Sechelela, mshonaji wa Mpwapwa, alifariki akaacha mume na jamaa watatu. Mdogo wake wa kike, Foibe, ana sikio lisilodanganywa. Binti yake wa kumzaa, Nyemo, ana ulimi wa kumtoa nyoka shimoni. Kaka yake Sechelela, Chilewa, ana mgongo ambao akishauegemeza mahali hausogezwi.

Sechelela alishonea nyumbani, katika chumba cha mabati. Alimwita fundi Madeje atie dari, na juu yake ajaze sufi ya magodoro aliyomnunulia ili joto la bati lisishuke. Madeje akapigilia mbao, akasema, "Mama, sasa utaomba blanketi." Sechelela akamwamini. Chumba kilipozidi kuwaka alisema, "Dari ni nzuri, mwili wangu ndio mbovu," akaendelea kushona. Oktoba, jua la mchana, aliangukia cherehani na hakuamka.

Baada ya matanga, Foibe aliingia kutoa buibui. Mpini wa ufagio ukagonga dari. Akagonga tena, akasikiliza. "Hii ni ngoma. Humo hamna kitu." Wakabandua ubao: hapakuwa na sufi hata ya kujaza mto.

Nyemo akamfuata Madeje kilabuni, akacheka naye. "Fundi, marehemu ameacha koti zito, kipimo chako kabisa. Njoo mchana ulijaribu, kabla mwingine hajaliwahi." Madeje akaja kwa miguu yake, akaingia chumba kile cha mabati, akalivaa, akafunga vifungo vyote.

Chilewa akafunga mlango kwa nje, akauegemea. Madeje akasukuma, akapiga mateke, akaahidi mbuzi.

"Mnaniua kwa joto!"

"Joto gani, fundi? Si ulijaza sufi?" Nyemo akamjibu.

Majirani wakajaa uani. Mwishowe Madeje akalia, "Sikujaza! Niliiuza!"

"Mwongeze kidogo, mjomba," Nyemo akasema. Chilewa alisikiliza pumzi za mle ndani, kisha akafungua.

Mwenyekiti wa mtaa akaamua Madeje ajaze dari ile kwa sufi ya magodoro ya nyumbani kwake. Aliyapasua mwenyewe, mkewe akitazama. Sasa analala mkekani, na chumba kina ubaridi wa mtungi, ubaridi ambao Sechelela hakuuonja.

Mgane ameamua kumpa mmoja wao chumba na cherehani.

Foibe anasema, "Bila mimi mngesema mpaka leo ni mapenzi ya Mungu."

Nyemo anasema, "Ungekuwa unagonga dari mpaka leo, mama mdogo, na yeye yuko kilabuni."

Chilewa anasema, "Bila mimi angevaa koti akaenda nalo."

Wote wanasema kweli. Ufunguo ni mmoja, nao uko mfukoni mwa mgane. Chini ya sindano ya cherehani bado kuna sare ya shule, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado.

Nani aketi pale aumalize? Je, wewe ungeamua vipi?