Bendera Saba za Waasisi wa Dongwa

Paukwa.
Pakawa.
Kaeni basi, msinisukume, nina mtoto mapajani. Nianze?
Anza.
Na mkinikatiza?
Tutakoma.

Hapo kale palikuwa na nchi ikiitwa Dongwa, iliyoasisiwa na watu saba. Majina yao hakuna aliyeyajua, lakini maneno yao, eti, yalijulikana yote. Usioge Jumatano: waasisi wamesema. Usipige mluzi jikoni: waasisi wamesema. Mtoto akiota meno ya juu kabla ya ya chini ni kigego, ana nuksi, akaachwe porini: waasisi wamesema.

Basi palikuwa na mwanamke kijana, Mwanamize, na mtoto wake wa kwanza, Faki. Asubuhi moja Faki akacheka, mama akaona jino. La juu. Akamziba mdomo, akafunga mlango, akafungua, akafunga tena. Utaficha vipi kicheko cha mtoto, niambieni nyinyi?

Siku ya tatu habari ikamfikia Mwinyi Ngwali, mkubwa wa wazee. Akaja na wenzake.

"Mwanangu, tupe mtoto."

"Kwa nini, babu?"

"Waasisi wamesema."

"Wamemwambia nani?"

"Wamesema."

"Lini?"

"Wamesema tu, mwanangu. Mbona unachosha?"

Anachosha yeye, mwenye mtoto. Haya.

Sharti lilikuwa kigego kwanza aonyeshwe bendera saba za waasisi, ndani ya nyumba ambayo mwanamke haingii. Mzee wa kwanza akambeba Faki, Faki akalia. Wa pili akambeba, akalia zaidi, akamkojolea. Mwinyi Ngwali akambeba mwenyewe, akamtia kidole mdomoni anyamaze. Lile jino likafanya kazi yake.

"Mwiteni mamake," akasema Mwinyi Ngwali, kidole kwapani. "Aingie, lakini afumbe macho."

Mwanamize akaingia. Akafumba jicho moja.

Akaona bendera saba juu ya miti saba. Akaona vitambaa vilivyochakaa. Pembe mbili zimesokoteka kama kamba. Katikati pamelegea, pamefanya tumbo. Chini ya tumbo, doa la rangi ya majani makavu.

"Babu, hizi nini?"

"Bendera za vita. Waasisi waliingia nchi hii bila kukanyaga ardhi, kwa ushujaa wao. Walikotoka waliogopewa meno, kwa ukali wao. Na doa hilo ni damu ya maadui. Fumba macho."

"Babu, umewahi kufua nguo za mtoto?"

"Mimi?"

"Basi hiyo si damu."

Kabla hawajamshika, akavuta bendera ya kwanza, akamtwaa Faki, akamweka mgongoni mwake, akamfunika nayo, pembe moja begani, pembe moja kwapani, akafunga kifuani. Pembe zilizosokoteka zikakaa pale pale penye fundo. Tumbo la kitambaa likakaa pale pale penye makalio ya mtoto. Faki akalaza shavu, akasinzia.

"Hii ni mbeleko," akasema. "Zote saba mbeleko. Waasisi wenu hawakukanyaga ardhi kwa sababu walikuwa hawajajua kutembea. Walibebwa. Mama saba walikimbia na watoto saba. Na mtoto wa mgongoni anaogopewa meno kwa nini, babu? Sababu si ni moja tu?"

Mzee mmoja akasema pengine yalikuwa ya chini.

"Yangekuwa ya chini," mwenzake akamjibu, "wangekimbia nini?"

Mwinyi Ngwali akaitazama miti sita iliyobaki na bendera. "Miaka yote hii," akasema, "tumekuwa tukiwapeleka..." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mle ndani hakuwahi kuingia hata mmoja aliyejua kufunga mbeleko.

Akatoka nje, akajikohoza, akatangaza: mtoto anabaki.

"Kwa nini?" watu wakauliza.

"Waasisi wamesema."

Mwanamize akamwacha. Utashindana na wazee mpaka lini, na mtoto ndiyo kwanza amelala?

Mlango mmoja ukafunguka. Wa pili ukafunguka. Wa tatu. Wanawake wakatoka na watoto waliowaficha ndani, wengine kwa miezi, vinywa vimefunikwa kanga wasicheke mbele ya watu. Hawakuomba ruhusa. Wakaingia nyumba ile, wakashusha mbeleko sita. Zilipokwisha, na watoto bado wapo, wakawavua wazee vilemba, wakafungia watoto.

Mwinyi Ngwali, kichwa wazi juani, akauliza, "Na mimi mnaniachia nini?"

"Miti, babu."

Hadithi yangu imetua mzigo hapo. Ikiwa tamu, mkawape wenu. Ikiwa chungu, katemeni nje, humu ndani nimefagia.