Ua la Gaza Mbele ya Hakimu

Jamani, mpo? Wenye simu zifunikeni, wenye usingizi wapisheni wenzenu waketi mbele. Nina kesi. Si ya kwangu, ya kwangu mngenisikia nalia. Hii mahakama imeshaimaliza, ila imeacha kipande kimoja kwetu, na tangu kiniingie kichwani silali nikalala. Nimekuja kuwagawia na nyinyi.

Ilikuwa katika mji mmoja wa Ulaya. Jina silitaji, watu wa huko wepesi wa kushtaki, mtaona wenyewe. Aliishi huko Mwanahamisi wa Tanga, mama wa binti mmoja, Tausi. Miaka tisa anaogesha na kulisha wazee wa watu katika nyumba ya wazee, wazee ambao watoto wao wenyewe huwaona Krismasi hadi Krismasi. Alikuwa akiishi kwa kibali, na kibali kile hutazamwa upya kila baada ya miaka mitatu.

Na walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni wakili, Annelies, mwenyeji wa hapohapo. Huyu Mungu kampa macho. Hata karatasi iliyomo ndani ya pakiti ya dawa ya mafua anaisoma mpaka jina la kiwanda.

Wa pili ni Ibtisam, fundi cherehani, mtu wa Gaza. Huyu kapewa ubishi. Mwambie mlango umefungwa, atakuuliza nani kaufunga na kwa ruhusa ya nani.

Wa tatu ni Bwana Mbaruku wa Pangani, mkalimani aliyekula kiapo, zamani mwalimu wa Kiswahili. Huyu kapewa masikio. Ukikosea sarufi hata msibani, anakusahihisha kwanza, pole baadaye.

Haya. Februari moja, baridi ya kukata pua, watu wakaandamana mchana kweupe kwa ajili ya Palestina. Mwanahamisi akaenda na kanga aliyopigiwa chapa na dada yake Dar es Salaam. Jina la kanga lilisema: UA LA GAZA HALINYAUKI. Akajitanda juu ya koti, akabeba begi lake mgongoni, akaimba na wenzake. Lakini begi, ndugu zanguni, begi lile likafunika maneno yote. Likaacha herufi mbili tu pembeni: UA.

Askari akapiga picha. Kanga ikachukuliwa, na picha ikatumwa kwa mkalimani wa Kiswahili. Mkalimani gani? Bwana Mbaruku! Fomu ilikuwa na swali moja, neno hili maana yake nini, na kisanduku kimoja cha jibu. Sasa nyinyi mnajua, hata wadogo mnajua: kuna ua la bustani, kuna ua wa nyumba, na kuna ua, toa roho. Mbaruku hakuambiwa neno limetoka wapi. Alikuwa anawahi tramu. Akaandika: toa roho, amri. Akagonga muhuri, akaondoka zake.

Wiki tatu baadaye Mwanahamisi akapata barua kwamba ameshtakiwa kwa kuchochea mauaji. Mwanahamisi! Mtu anayemfunika blanketi bibi wa miaka tisini na mbili na kumuuliza kama miguu imepata moto! Niacheni nipumue kidogo.

Barua ilikuwa laini. Ilisema akikiri kosa na kutia sahihi ukurasa wa pili, ataonywa kwa maandishi na mambo yataishia hapo. Mwanahamisi alishashika kalamu. Alitaka yaishe, amsikilize mwanawe akisoma kitabu cha shule. Akaona kwanza amwonyeshe wakili.

Annelies akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita ambao hausomwi na mtu.

"Mwanahamisi, weka kalamu chini," alisema. "Hapa wanasema atakayekiri jina lake litapelekwa idara ya wahamiaji. Ukitia sahihi, kibali hakirudi. Wewe na Tausi mtapandishwa ndege."

"Na nisipotia?"

"Tunakwenda mahakamani. Nitawataka wailete kanga yenyewe, wasije na picha ya begi."

Wakubwa wa ofisi yake wakamwita. Wakamwambia wateja wanalalamika, achague: kesi ile au meza yake. Annelies akawauliza, "Leo tukiogopa kanga, kesho tutamtetea nani?" Akabeba mafaili, akahamia jikoni kwake. Tangu siku hiyo wateja walikuwa wanapokelewa kati ya sufuria na birika.

Basi siku ya kesi ikafika. Annelies akadai kanga. Karani akaenda ghalani, akarudi mikono mitupu, eti haionekani. Haionekani! Kitu walichokinyang'anya kwa mikono yao! Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akasema basi wataendelea na picha.

Annelies akamwinamia Mwanahamisi. "Hukuwa na nyingine kama ile?"

"Kanga huuzwa doti."

"Doti ni nini?"

"Vipande viwili, pacha. Kile cha pili nilimpa mtu."

"Nani?"

Mwanahamisi hakutaka kumtaja. Alimpa Ibtisam siku ya msiba wa kaka yake, Yusri, aliyefukiwa na nyumba yake huko Gaza. Ibtisam alilifunga ndani yake shati la Yusri, shati pekee alilokuwa nalo. Na Ibtisam mwenyewe alikuwa anangoja jibu la ombi lake la hifadhi ya ukimbizi. Mtu mmoja wa ofisi ya wakimbizi alishamnong'oneza: jibu likiwa bado, usionekane kwenye mambo haya. Mwanahamisi angemwombaje atoke mbele ya watu?

Hakumwomba. Ibtisam alikuwa ameketi viti vya nyuma, amesikia kila kitu.

Akasimama. Askari wa mlangoni akamwambia akae. Akamuuliza, "Kwa nini?" Ibtisam akafungua mkoba, akatoa shati la Yusri, akalikunjua taratibu kutoka kwenye kanga, akaliweka kwenye kiti chake kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi. Kisha akaishika kanga kwa mikono miwili, akaitandaza mbele ya hakimu.

Mwendesha mashtaka akaruka, "Ni marufuku kuonyesha mabango mahakamani!"

"Si bango," alisema Ibtisam. "Ni rambirambi. Nyinyi mlitaka kuona maneno. Haya, yaoneni."

Hakimu akamuuliza jina, na hali ya makazi yake, yote yakaandikwa. Akayataja waziwazi. Mwanahamisi ndiye aliyejifunika uso, kwa aibu na kwa upendo, vyote pamoja.

Mngedhani yameisha? Wapi! Mwendesha mashtaka akatabasamu, akasema, vizuri, neno la kwanza ni lilelile, na mkalimani mwenye muhuri ameshatuambia maana yake. Sentensi kuwa ndefu hakupunguzi ukali wa amri. Akaomba Bwana Mbaruku aitwe athibitishe tafsiri yake.

Mbaruku akaingia na tai yake. Akaiona kanga nzima kwa mara ya kwanza. Walioketi karibu wanasema aliisoma kwa sauti ndogo, mara mbili, kisha akavua miwani akaifuta.

"Unathibitisha?" aliulizwa.

"Sithibitishi. Nilikosea."

Ukumbi ukavuma. Mwendesha mashtaka akamtishia: tafsiri ilikuwa ya kiapo, kuikana ni kujifuta mwenyewe kwenye orodha ya wakalimani. Mbaruku akajibu, "Nifuteni, lakini kwanza nipeni ubao."

"Hakuna ubao," alisema hakimu.

"Basi karatasi."

Akaandika herufi kubwa kama yuko darasa la tano. "Mheshimiwa, ukimwamuru mtu aue, huwezi kuweka 'la' mbele yake. 'La' inafuata jina: jani la, jicho la, ua la. Ua la Gaza ni ua lililo la Gaza. Tazama na hapa, ha-li-nyauki. Hiyo 'li' inarudi kwa ua hilohilo. Na amri hainyauki, Mheshimiwa. Kinachonyauka ni ua, na huyu mama anasema hili halinyauki."

"Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?" alifoka mwendesha mashtaka.

"Siku ile niliharakisha, na neno langu likataka kumfukuza mama wa watu na mwanawe. Leo sina haraka. Andika jina langu lote, Mbaruku bin Sheha, na uandike nimeona haya."

Ngeli, jamani! Zile zile zilizowatoa machozi shuleni! Hakimu akatoka nusu saa, akarudi, akasema mshtakiwa hana hatia. Mwanahamisi akapiga kigelegele mpaka karani akaangusha kalamu. Tausi, aliyekuwa kaletwa na jirani, akamrukia shingoni. Hawaendi popote.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi.

Kanga ya Ibtisam mahakama imeibakiza ndani ya faili mpaka muda wa rufani upite. Lakini siku tatu baada ya hukumu, ghala likakumbuka ghafla. Ile ya Mwanahamisi ikapatikana! Ikarudishwa ndani ya mfuko wa plastiki, na namba juu yake. Na kwetu asante kubwa haitolewi mdomo mtupu, mtu anayekuokoa unamvika kanga. Mwanahamisi akaifua, akaipiga pasi, akawaalika watu watatu jikoni kwake Ijumaa mchana.

Asubuhi ya Ijumaa hiyohiyo likatoka tangazo. Kesho Jumamosi kuna maandamano tena, ila ni marufuku kubeba neno la lugha ambayo askari hawaielewi. Atakayekaidi atakamatwa. Yaani wameshindwa kutufunga kwa kutuelewa vibaya, sasa watatufunga kwa kutotuelewa!

Mwanahamisi akalia kwa hasira. Yeye hawezi kuivaa. Kibali chake kinatiwa sahihi Jumatatu, na Annelies amemkataza kwa kidole. "Basi niikunje kabatini?" aliuliza. "Kama ni kabati, si wangekaa nayo wao?"

"Nipe mimi," alisema Annelies. "Kama nisingesoma ukurasa wa sita, leo ungekuwa uwanja wa ndege. Wakinikamata mimi, nitailipua hiyo amri yao mahakamani. Ndiyo kazi yangu."

"Ungesoma kurasa elfu," alisema Ibtisam, "bila kanga yangu ungebaki na picha ya begi. Nimetaja jina langu mbele yao, sina cha kuficha. Na ua hilo ni la nani, Annelies? Ni la kwenu?"

Annelies akainamisha kichwa, lakini hakuondoa mkono mezani.

"Nyote mlifika mkakwama," alisema Mbaruku polepole. "Mlikuwa na nguo, hamkuwa na maana yake. Mimi ndiye niliyeifungua."

"Na wewe ndiye uliyeifunga!" alisema Ibtisam.

"Kweli. Ndiyo sababu naitaka kuliko nyinyi. Niliandika neno la uongo kwa mkono huu. Niacheni nibebe la kweli mgongoni, na wakinikamata, wanikamate likiwa zima."

Annelies akasema wagawane, ikatwe vipande vitatu. Mwanahamisi akaikumbatia kanga. "Ukiikata, mmoja atapewa UA peke yake, turudi kulekule!" Wakacheka, wote wanne, mpaka wakafuta macho. Halafu kila mmoja akaitazama tena kanga, kwa sababu kicheko hakikuamua kitu.

Wa kwanza alimzuia asijifunge. Wa pili alileta maneno. Wa tatu alileta maana, naye ndiye aliyeanza kuipoteza. Toa mmoja, Tausi na mama yake wako ndani ya ndege. Na kila mmoja amelipa: huyu meza yake, huyu usalama wake, huyu muhuri wake.

Nyinyi mnaonipungia mkono kule nyuma, najua mnataka kusema apewe Ibtisam, ua ni lake. Sawa. Ila Ibtisam akikamatwa kesho, ombi lake la hifadhi litasomwa na nani, na kwa macho gani? Na ukimnyima ili asalimike, umefanya walichotaka wenye tangazo, tena umewafanyia bure. Mwanahamisi ameisimamia meza, kanga i mkononi, na wale watatu wamemgeuzia migongo, kila mmoja amelegeza mabega avikwe.

Maandamano yanaanza saa nne asubuhi. Haya, semeni: mabega ya nani?