Chupa Iliyorudi Imejaa

Mtu mmoja alikuwa na misumeno miwili ya mnyororo na mgongo uliochoka. Jina lake Mkongwa, na alikaa kule nyanda za juu ambako misonobari imepandwa kilima baada ya kilima, na watu huamka na makoti. Kwa kuwa mgongo ulikuwa umekataa kuinama, misumeno aliwakabidhi watu wawili, Kihwelo na Zebedayo. Wao walikata, yeye akauza mbao, na nyumba tatu zikala.

Ninyi ambao hamjawahi kuushika msumeno wa namna ile, nivumilieni kidogo. Una matenki mawili. Moja ni la petroli, na petroli ndiyo inayoufanya ungurume. La pili ni la mafuta mazito, na kazi yake ni kuyatoa kidogo kidogo kwenye lile bapa refu ambalo mnyororo hulizunguka. Mafuta hayo hayakati mti. Hayaungurumi. Yanalainisha njia ya chuma, kisha yanarushwa kwenye vumbi la mbao na kupotea, na hakuna anayeyaokota. Yamenunuliwa ili yapotee. Mgeni wa kazi akiona atasema huo ni ufujaji.

Mwenye akili ya mafuta katika nyumba ile alikuwa mke wa Mkongwa, Edina, na mimi nampenda mwanamke huyu hata kabla sijamaliza kumsimulia. Alimwona mumewe akinunua vichupa pale dukani barabarani, leo kimoja, kesho kimoja, kila kimoja kwa bei ya mtu mwenye haraka. Siku vichupa vilipokosekana, Mkongwa akataka kutumia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari. Edina akakataa. Alisema oili ile imejaa unga wa chuma, na kuutilia mnyororo ni sawa na kumpa mtu ugali wenye mchanga. Akangoja mpaka mbao zilipouzwa, akaenda mjini mwenyewe, akarudi na dumu kubwa la mafuta safi.

Akalifungia koki upande wa chini, akaliweka stoo juu ya kigoda. Asubuhi za baridi mafuta yale huwa mazito, na mwenye pupa akiinamisha dumu, nusu humwagika sakafuni. Edina hakuinamisha kitu. Alilisogeza dumu jikoni, mbali kidogo na moto, akapika uji kwanza, na uji ulipoiva mafuta nayo yalikuwa yamelegea. Ndipo akafungua koki. Jioni chupa tupu ziliporudi alizipindua juu ya faneli na kuziacha zichuruzike hadi asubuhi. Kile kilichobaki kwenye kuta za chupa, ambacho mimi na wewe tungekitupa jalalani bila kufikiri, yeye alikikusanya mpaka kikawa chupa nzima. Lakini aliyekuwa bahili hivyo stoo hakuwa bahili kwa wakataji. Kila mmoja alipewa chupa iliyojaa, na amri moja tu: ukijaza petroli, jaza na mafuta.

Basi ikatokea kwamba Zebedayo alianza kurudi jioni na chupa yenye mafuta. Mara nusu. Kisha zaidi ya nusu. Mkongwa alifurahi, akamsifu mbele ya wapakiaji wa mbao. Chupa ya Kihwelo ilirudi tupu kila siku, na suruali yake ina madoa tangu gotini hadi chini. Mkongwa aliiinua chupa ile juu, akawauliza watu kama huyu bwana huyanywa. Watu wakacheka. Kihwelo naye alicheka kidogo, kama anavyocheka mtu asiye na la kufanya.

Kisha miti ya kukata ikapungua. Mkongwa akaona msumeno mmoja unatosha, na mkataji mmoja. Hakuhitaji kufikiri sana. Alitangaza kwamba Zebedayo atabaki na Kihwelo ataondoka mwisho wa wiki. Mke wa Kihwelo alikuwa amejifungua karibuni. Kihwelo alifika nyumbani, akambeba mtoto, akashindwa kumwambia mama wa mtoto habari ile. Iliniuma mimi niliyesimuliwa tu, sembuse yeye.

Jioni ile Edina alikuwa stoo akipindua chupa zake. Ya Kihwelo ilikuwa na matone tu ya kuchuruzika. Ya Zebedayo aliishika mkononi, akaipima uzito wake, akaiweka chini wima. Akatoka, akamkuta mumewe akiota moto.

"Baba Skola," akasema, "mafuta yaliyorudi nyumbani hayajafanya kazi."

Asubuhi akafuatana nao hadi msituni. Akaomba kisiki kimoja kimenywe gome mpaka kibaki cheupe. Akamwambia Kihwelo awashe msumeno wake na kuelekeza ncha ya bapa kwenye ule weupe, karibu bila kugusa. Msumeno ukanguruma, na juu ya kisiki ukachoreka mstari mwembamba wa mafuta. Akamwambia Zebedayo afanye vilevile kwenye kisiki kingine kilichomenywa. Ukanguruma vizuri tu, pengine hata kwa sauti kubwa zaidi. Kisiki kikabaki cheupe, safi, hakina doa.

Mkongwa alikuwa amekata miti kabla hawa wawili hawajaoa. Hakuhitaji kuambiwa. Alisogea, akaona bapa la Zebedayo limegeuka rangi ya buluu pembezoni, na lilikuwa na harufu ya chuma kinachoungua. Mnyororo wa namna hiyo siku moja hukatika, na haukatikii hewani. Hurukia mikono na uso wa aliyeushika.

Akamuuliza Zebedayo amefanya nini. Zebedayo alitazama chini. Kuna skrubu ndogo chini ya msumeno, ukiikaza mafuta hutoka machache.

"Niliikaza kidogo tu, mzee," akasema. "Ukanisifu. Nikaikaza tena."

Hapo Mkongwa ndipo alipoumia, maana aliona ni mkono wa nani uliokuwa kwenye bisibisi. Akamgeukia Kihwelo, akamwomba radhi palepale, mbele ya wapakiaji walewale waliocheka. Akasema hakuna atakayeondoka. Kazi iliyobaki wataigawana kwa zamu, na kama ni kupungukiwa, ataanza kupungukiwa yeye mwenye misumeno.  Edina alichukua bisibisi, akailegeza skrubu ile, akafungua tenki la Zebedayo na kulijaza mpaka juu. Na mafuta aliyomtilia yalitoka kwenye ile chupa aliyoikusanya tone kwa tone kutoka chupa tupu za Kihwelo.

Ninyi mlioketi hapa wawili wawili, mume na mke, sitawaeleza mafuta ni nini. Mnayajua. Ni yale ambayo mtu hayaoni yakikata chochote, na hakuna atakayeyaokota kesho na kumrudishia. Hata tenki la petroli mnalijua, maana nawasikia mkinguruma hadi kwangu. Nami namsifu Edina, aliyetunza ili awe na cha kutoa, na sijaona hekima ya nyumbani inayoizidi hiyo. Ila nina swali moja la kwenda nalo: leo jioni ukirudi na chupa yako imejaa upole ambao hukumpa mtu yeyote, utasema umetunza, au utainama uangalie ni nani nyumbani kwako anayeungua?