Soda ya Meza Kuu

“Mgeni rasmi ni aliyekwisha fika.” Mmeisikia methali hii kikaoni leo mchana, na sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Kaeni niwaeleze ilivyoanza, kwa maana ilizaliwa hapa hapa Usangi, nami nilikuwapo.

Wazee wa hapa walikuwa na nyumba yao ya kushinda mchana. Huko walipimwa presha, walikunywa uji, walisuka vikapu na kupiga soga. Wengi walikuwa wamebaki peke yao baada ya watoto kuhamia mijini. Siku wasipokwenda pale, hawakusikia sauti ya mtu hadi kesho yake. Mwaka mmoja upepo ukang’oa paa. Masika yalikuwa yanakaribia, na kuta zile za matofali yasiyochomwa zisingestahimili mvua.

Namkunda, muuguzi mstaafu aliyewaangalia wazee hao, akaandaa hafla ya kuchangisha. Tajiri mmoja wa Moshi akakubali kuwa mgeni rasmi, na jina lake likaandikwa kwenye kadi zote.

Siku ikafika. Watu wakajaa mapema chini ya turubai. Wazee waliketishwa mbele, wamevaa nguo zao za kanisani na za msikitini. Meza kuu ilitandikwa kitambaa cheupe, ikawekwa chupa ya soda na glasi iliyofunikwa. Nyuma yake, kiti kitupu.

Jua likapanda, likapita utosini, kiti bado kitupu. Simu ya tajiri haikupatikana. Wali ukapoa masufuriani. Namkunda alikwenda barabarani, akatazama kona, akarudi, akaenda tena. Kila aliporudi alikuta watu wengine wamechoka kusubiri na kuondoka. Akiendelea kungoja, wachangiaji wataisha. Akianza, tajiri atafika akute amedharauliwa, na paa litaondoka naye.

Ndipo alipomwona Mzee Kirangi. Jasho lilimtiririka, mikono ilimtetemeka, na alikuwa akimwita jirani yake kwa jina la marehemu mkewe. Namkunda akapiga magoti mbele yake.

“Babu, umekula nini leo?”

“Tunamsubiri mgeni,” akajibu kwa ulimi mzito.

“Na dawa ya sukari, umemeza?”

“Asubuhi.”

Namkunda akakimbilia meza kuu, akainyakua ile soda. Mchome, mwenyekiti wa kamati, akamshika mkono.

“Mama, hiyo ni ya mgeni rasmi! Akifika tutamwambia nini?”

“Niachie, Mwenyekiti. Sukari ya huyu mzee imeshuka. Mgeni rasmi ni aliyekwisha fika.”

Hakusema kwa nguvu, lakini kipaza sauti kilikuwa pale mezani, kimewashwa. Turubai zima likasikia.

Akamnywesha mzee kidogo kidogo. Tulitazama midomo ile tu, tukiomba imeze. Baada ya muda Mzee Kirangi akainua kichwa.

“Mbona mnanikodolea macho hivi?”

Akina mama wakacheka huku wakifuta machozi. Namkunda akaagiza chakula kipakuliwe, wazee kwanza. Waliokuwa wamefika barabarani wakarudi. Na watu walipokuwa wakila, mmoja akasimama akaahidi mabati, mwingine mbao, na mafundi wakajitolea mikono yao. Havikutosha. Chumba cha nyuma kiliezekwa kwa mabati ya zamani yaliyonyooshwa kwa nyundo, nacho kilivuja. Lakini masika yalipoanza, wazee walikuwa ndani, wakisogeza viti kukwepa matone na kulaumiana nani kaleta mvua.

Tajiri hakuja, wala hakutoa sababu. Mchome alikaa siku nyingi akiogopa simu yake isije ikaita. Haikuita. Tangu hapo, kila shughuli aliyoisimamia, watu walipomuuliza kama wamngoje mkubwa fulani, aliwatazama waliokwisha kaa kwenye mabenchi, hasa wale wenye mikongojo, kisha akasema:

“Pakueni. Mgeni rasmi ni aliyekwisha fika.”